Mwalimu wa Makosa

Kabla ya kufungua mlango wowote asioujua, Mwalimu alisimama kwanza akautazama. Alitazama kishikio, bawaba, na mahali ambapo rangi ilikuwa imechubuliwa na viganja vya watu. "Mlango huu unasema sukuma," aliniambia siku moja mbele ya ofisi fulani mjini Meru, "na karatasi iliyobandikwa hapo juu inasema vuta. Mkono huamini nani? Mkono huamini mlango." Kisha akakaa kwenye benchi la wageni kuwahesabu waliokosea. Tulikuwa tumechelewa, lakini hilo halikumsumbua.

Nilimjua kwa miaka kumi na minne. Alifundisha saikolojia katika chuo pale Nchiru, ile sehemu inayohusu jinsi akili inavyoona, inavyokumbuka na inavyosahau. Wenzake walimwita Daktari. Sisi wanafunzi wa uuguzi tulimwita Mwalimu, na shangazi yangu alimwita "yule mtu wa maswali."

Shangazi alikuwa na kibanda cha duka nje ya hosteli, nami niliishi naye katika chumba cha nyuma. Mwalimu alinunua maziwa na mkate hapo kila asubuhi. Alikuwa mrefu, mwenye paji pana la uso na sauti ya chini iliyomlazimu mtu kunyamaza ili amsikie. Asubuhi moja alisahau maziwa yake kwenye kaunta akabaki anaikodolea rafu macho.

"Mama, haya mafuta mawili umeyaweka pamoja kwa nini?"

"Si yote ni mafuta?" Shangazi akamjibu.

"Haya ni ya taa. Haya ni ya kupika. Chupa ni moja."

"Mimi najua gani ni gani. Nimeuza hapa miaka tisa."

"Wewe unajua. Na siku uko na homa? Na siku umemwachia huyu msichana?"

"Huyu amesoma."

"Kusoma si dawa ya kusahau, mama."

Kesho yake alirudi na kopo la rangi na brashi ya shilingi hamsini. Akapaka vifuniko vyote vya mafuta ya taa rangi nyekundu, akiwa ameinama kwenye veranda yetu kama fundi aliyelipwa. "Rangi haihitaji shule," alisema akimaliza. Shangazi alilalamika wiki nzima kwamba duka lake limefanywa shule ya nasari. Wiki ya pili nikamsikia akimweleza mteja kwamba lile wazo la vifuniko lilikuwa lake.

Darasani hakutumia projekta. Siku ya kwanza alitugawia karatasi tupu akatuambia tuchore geti la chuo, lile tulilokuwa tumetoka kupita. Tulikuwa sitini na wawili. Wengine walichora milango miwili, wengine mmoja. Wengine waliweka kibanda cha askari kushoto, wengine kulia. Mmoja alichora maua ambayo hayajawahi kupandwa pale. Alizikusanya karatasi, akazibandika ukutani, akatuacha tuzitazame. Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

"Kila mmoja wenu atakuwa na wodi," alisema. "Mtapita kitanda kilekile mara mia. Mara ya kwanza mtamwona mgonjwa. Baadaye mtaona kile mnachokitarajia. Msijilaumu kwa hilo, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini mjue."

Wiki hiyo alitusimulia kisa kifupi cha mwizi wa kuku katika soko moja la Mbeere. Miezi miwili baadaye akatutaka tukiandike upya bila kuulizana. Mwizi akapata kofia. Kuku wakawa mbuzi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mtu wa kanisa sana aliongeza kwamba mwizi aliungama. Mwalimu alitusomea maandishi yetu moja baada ya jingine bila kubadilisha sauti. Alipofika mwisho akasema, "Hakuna mwongo humu ndani," akatoka, kipindi kikiwa hakijaisha.

Na mtu huyu aliyejua kusahau kulivyo, mwenyewe alikuwa msahaulifu wa kupindukia. Funguo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kwenye kiganja cha kushoto aliandika kwa kalamu mambo ya siku: maziwa, barua, viatu. Neno viatu lilikuwa pale kwa sababu aliwahi kuja kufundisha na malapa ya bafuni. Wanafunzi wakija na simu kubwa za kisasa, yeye alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Tulimtania. Akasema, "Simu zenu ni mtoto anayelia. Mmejifunza kumchukua kila anapolia, hata akiwa hana njaa. Sasa hamlali, na yeye pia hajashiba."

Lakini hakuichukia teknolojia, kama wengine walivyodhani. Alichochukia ni kitu kinachomfanya mtu ajione mjinga. Kuna wakati vijana wawili wa kompyuta walitengeneza aplikesheni ya simu ya kuwaonyesha wakulima wa chai kilo walizopeleka. Walimletea wapate baraka yake. Hata hakuishika ile simu. "Twendeni Kanyakine," akasema. Nilikuwa likizo, nami nyumbani ni huko, kwa hiyo nikaenda nao.

Tulifika kwenye kituo cha kupima chai watu wakiwa kwenye foleni na vikapu mgongoni. Mwalimu alimsalimu mama mmoja kwa heshima, "Muga, mama," akamwomba atusaidie kidogo. Kijana mmoja akampa simu.

"Bonyeza hapo kwa menyu."

"Wapi hapo?"

"Hapo juu, kwa hizo laini tatu."

Mama aliinamisha kichwa. "Mimi naona kuni tatu tu."

Kijana akamgeukia mwenzake akanong'ona, "Huyu mathee simu imemlemea." Alidhani hakuna aliyemsikia.

Mwalimu alimuuliza yule mama wiki iliyopita alileta chai kiasi gani. Mama akaweka kikapu chini. Akataja Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku na kilo zake na nukta zake. Akataja siku ambayo mvua iliilowesha chai wakamkata kilo, na siku ambayo karani alikosea akarekebisha. Karani alifungua daftari akafuata kwa kidole. Hakukuwa na kosa.

"Huyu mama amebeba wiki nzima kichwani," Mwalimu aliwaambia wale vijana. "Nyinyi mmeshindwa kumbebea kitufe kimoja." Akamshukuru mama, akamsaidia kuinua kikapu. Wale vijana walikuja kuifanya upya kazi yao, na nasikia sasa inatumika, yenye maneno makubwa na bila kuni tatu.

Hakuwa mpole. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mpole, kwa sababu wema wake kwangu ulikuwa mkubwa, lakini hakuwa. Hakujua kusema pole. Mtu akifiwa, Mwalimu alikwenda, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akala alichopewa, akaondoka. Hakuvumilia maombi marefu. Mwanafunzi akilia kwa kufeli, alimpa karatasi yake na kumwambia, "Nionyeshe ulipopotea," na alingoja hata saa nzima mpaka aonyeshwe. Kosa lilikuwa shamba lake. Alilipenda kama mkulima anavyopenda udongo. Na kila alipoletewa habari za mtu aliyekosea, awe dereva, karani au mpishi, alijibu kwa sentensi moja ambayo sisi wote tuliijua kwa moyo: "Usiulize nani. Uliza ni kitu gani kilimwambia afanye hivyo."

Niliihitaji sentensi hiyo mwaka wangu wa tatu kazini.

Nilikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Ilikuwa adhuhuri, siku ya kliniki ya sukari. Tulipaswa kuwa wanne, tukawa wawili. Mama mmoja wa makamo alikuwa amelazwa tangu jana, naye alikuwa apewe insulini, ile inayofanya kazi polepole. Nikafungua friji. Wakati huohuo mtu aliniita kutoka chumba cha sindano, simu ya ofisi ikalia, na baba mwenye mtoto wa homa akasimama mlangoni akiniuliza foleni ni ipi. Nilimjibu yule baba huku mkono wangu ukichukua chupa. Nikavuta dawa. Nikamdunga.

Ilikuwa ile nyingine, ya haraka.

Baada ya muda mfupi mama alianza kutokwa na jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Kisha akanyamaza. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, tukamkimbiza hospitali kubwa. Siku tatu hakufumbua macho. Siku hizo tatu sikumbuki nilikula nini wala nililala wapi. Siku ya nne akaomba uji. Nilipopigiwa simu kuambiwa hivyo nilikuwa nimesimama kwenye zizi nyumbani, nikakaa pale pale kwenye samadi.

Niliitwa mbele ya kamati. Barua iliniruhusu kwenda na mtu mmoja. Nilimpigia Mwalimu, nikamweleza. Yeye akauliza, "Alikuwa amekula?" Niliona ni swali la ajabu. Nikamwambia alikuwa amekula kidogo. "Vizuri," akasema. "Nitakuja."

Alifika siku mbili kabla ya kikao. Aliomba ruhusa akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lile friji asubuhi nzima, akiandika. Aliona kwamba rafu ya pili ilivunjika zamani, na chupa za aina zote mbili zilikuwa zimewekwa katika katoni moja. Alihesabu mara ambazo muuguzi aliitwa au kuulizwa jambo akiwa ameshika dawa.

Siku ya kikao mwenyekiti aliziweka chupa mbili mezani. "Hii ni safi kama maji," alisema. "Hii ina ukungu kama maji ya mchele. Mtu aliyefuzu anakosaje kuona?"

Mwalimu aliomba kuonyeshwa kumbukumbu za kikao chao kilichopita, zilizokuwa juu ya faili. Akauliza kama zimesomwa.

"Zimesomwa na kuthibitishwa," mwenyekiti akasema. "Sote tumetia sahihi."

"Naomba usome tarehe ya kikao kijacho, hapo chini."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Tarehe thelathini na moja..." Akanyamaza. Ilikuwa imeandikwa tarehe thelathini na moja Juni. Waliokuwa mezani walikuwa saba, sahihi zilikuwa saba, na Juni haijawahi kuwa na siku hiyo.

"Sisemi nyinyi ni wazembe," Mwalimu alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mlikuwa mmeketi, mna chai, hakuna aliyewaita. Na bado macho yaliwaletea kile mlichotarajia. Huyu alikuwa amesimama, na watu watatu wanamwita."

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, na friji likapata masanduku mawili, moja juu na moja chini. Nilipotoka nje nilitaka kumshukuru, nikaanza kulia. Aliniangalia kama anavyoangalia mlango.

"Katoni ilikuambia ufanye hivyo," alisema. "Lakini mkono ulikuwa wako. Yule mama anajua nini kilimpata?"

"Waliambiwa sukari ilishuka."

"Basi nenda umwambie ni kwa nini. Usipokwenda, utaibeba mpaka uzee, na haitapungua hata kilo."

Nilikwenda. Nilimkuta yule mama akipura maharagwe uani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliendelea kupura kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa nimeanza kuogopa mwili wangu. Nilidhani umeamua tu kuzima. Kaa chini." Sikusamehewa kwa maneno siku hiyo. Lakini alirudi kliniki, na alipokuja alikuwa akiniita mimi.

Hiyo ndiyo sababu sikuelewa nilichokisikia mwaka uliofuata.

Nilikuwa nimempelekea Mwalimu mkungu wa ndizi Nchiru. Tukiwa tunakunywa chai kabambe yake ikalia. Aliitazama, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena.

"Huchukui, Mwalimu?"

"Ni ndugu yangu wa Kiambere." Akaigeuza kifudifudi. "Sisi hatuongei. Alimpa mama dawa isiyofaa."

Akanieleza kwa sentensi fupi, kama mtu anayesoma ripoti. Mama yao alikuwa na presha na sukari. Vidonge vyote vilikuwa vyeupe, vidogo. Ndugu mdogo ndiye aliyekuwa naye nyumbani. Wiki moja mama alikuwa na homa, hali chakula vizuri. Ndugu akachanganya: vidonge viwili vya sukari asubuhi mahali pa viwili vya presha, na jioni tena. Asubuhi moja mama hakuamka.

Ndipo nikaelewa kwa nini aliniuliza kama mgonjwa wangu alikuwa amekula.

"Pole, Mwalimu," nikasema. "Lakini ilikuwa bahati mbaya."

"Bahasha za hospitali zilikuwa pale kwenye kikapu, zimeandikwa majina ya dawa." Akamaliza chai yake. "Alijua kusoma."

Nilingoja aongeze neno. Nilingoja ile sentensi yetu. Haikuja. Mtu aliyenitetea mbele ya watu saba, aliyemwambia shangazi yangu kwamba kusoma si dawa ya kusahau, alikuwa amekaa mbele yangu akimhukumu ndugu yake kwa maneno mawili. Nami sikuwa na ujasiri. Nilimenya ndizi, tukaongea habari za mvua.

Alipostaafu alirudi kwao Kiambere, kwenye joto na mawe, akajenga nyumba ya vyumba viwili katika shamba la baba yao. Kati ya nyumba yake na ya ndugu yake aliweka ua wa waya. Tuliongea kwa simu mara chache. Kila mara aliniuliza habari za kazi, na kila mara nilitoa maelezo kama mwanafunzi.

Mwaka jana tulikwenda huko kufanya kambi ya siku moja ya kupima sukari na presha, katika uwanja wa kanisa si mbali na bwawa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nilikuwa nimepanga kila kitu kama nilivyofundishwa. Wazee wengi hawasomi, kwa hiyo sikutumia maandishi. Aliyepimwa akakutwa salama alipewa kadi ya kijani na kwenda foleni ya kushoto, aandikwe jina aende nyumbani. Mwenye tatizo alipewa nyekundu, aende foleni ya kulia kumwona daktari. Nilikuwa nimeridhika sana na mpango wangu.

Karibu saa saba nikamwona mzee mmoja mrefu kwenye foleni ya kushoto, amebakisha mtu mmoja mbele yake, na mkononi ameshika kadi nyekundu.

"Mzee, umekosea foleni. Kadi yako ni nyekundu."

Aliitazama kadi. Akaitazama ya mama aliyesimama mbele yake. "Sista," alisema, "hii na hiyo, kwangu ni rangi moja. Tangu nizaliwe. Nilifuata tu huyu jirani."

Sauti ilikuwa ya chini, ya kumlazimu mtu anyamaze. Nikalitazama paji la uso.

"Wewe ni ndugu ya Mwalimu."

"Yeye ni kaka yangu, ndiyo. Unamjua?"

Nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Sukari yake ilikuwa juu sana, na presha pia. Akaandikiwa vidonge vya sukari na vya presha, vya kuanza kesho asubuhi. Akiwa ameshika zile bahasha mbili, nilimketisha kando nikamuuliza jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza.

"Dawa za mama yenu zilikuwa kwenye nini?"

Hakushangaa. Nadhani alikuwa amelingoja swali hilo kwa miaka. "Zilikuwa kwa chupa. Kaka alikuja kutoka Meru, akatoa dawa kwa bahasha akaweka kwa chupa mbili za kufanana, akapaka vifuniko. Moja nyekundu, moja kijani. Sababu mama hakusoma. Alipaka jioni yote. Alikuwa na furaha sana siku hiyo."

"Na wewe ulizijuaje?"

"Kwa mahali. Sukari upande wa redio, presha upande wa dirisha. Mama alipougua watu walikuja kumwona, mtu akapangusa meza akarudisha chupa vile alipenda." Alikunja zile bahasha. "Mimi sikuona kitu kimebadilika."

"Kwa nini hukumwambia kaka yako?"

"Kabla, ningemwambiaje rangi zake hazinisaidii, na ameacha kazi yake kuja kuzipaka? Na baadaye..." Alitazama upande wa bwawa. "Baadaye ingekuwa kama kumbebesha kifo cha mama. Niliona heri nikibebe mimi. Nimempigia simu tu, kumjulia hali."

Nilifunga kambi mapema. Nilimkuta Mwalimu kibarazani, amekonda, redio ikiongea peke yake. Alifurahi kuniona, akaniuliza tulitumia mpango gani. Nikamwambia: kadi nyekundu na za kijani. Nikamwambia ni nani aliyekosea foleni, na ni kwa nini.

Aliinua mkono akazima redio.

"Najua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nilijua wiki moja baada ya mazishi. Nilikuwa nimelala, nikakumbuka alipokuwa darasa la pili. Mwalimu wake alimchapa mbele ya watu kwa sababu alichora mti wenye majani mekundu. Nilikuwa nimesimama dirishani nikingoja twende nyumbani. Nilicheka. Tulikua pamoja, tukachunga mbuzi pamoja, tukalala kitanda kimoja, na mimi kazi yangu ni kuona jinsi watu wanavyoona. Sikumwona."

"Na ukamwacha aamini ni yeye?"

"Kila mahali niliwaambia watu wasiulize nani. Kwenye kamati yako nilisema kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Hapa nyumbani, mtu angeuliza nani, angenikuta mimi. Kwa hiyo nikasema alijua kusoma."

Nilikuwa nimekuja na hasira, na ghafla sikujua niiweke wapi. Mbele yangu alikuwa mzee aliyekaa na jambo moja miaka yote hiyo bila kulipunguza. Nikamwambia tu kilichobaki.

"Ana sukari, Mwalimu. Ile ya mama. Anaanza vidonge kesho asubuhi. Aina mbili, vyote vyeupe."

Akaanza kutafuta viatu kwa miguu yake chini ya kiti. Nikamsogezea.

Ule ua wa waya hakuwa ameuwekea njia. Ilitubidi tushuke mpaka barabarani na kupanda tena upande wa pili, na kwa mwendo wake ilituchukua muda. Hakutaka nimshike mkono. Tulimkuta ndugu yake ameketi nje ya jiko, bahasha mbili mbele yake kwenye meza ya mbao. Alituona tukija tangu barabarani. Alisimama, kwa sababu anayekuja ni mkubwa wake, akabaki amesimama.

Mwalimu alifika mezani akashika ukingo wake. Alikuwa anahema.

"Yale majani mekundu," alisema. "Ulichapwa na mimi nikacheka."

"Nakumbuka."

"Nilipaka vile vifuniko bila kukuuliza. Lilikuwa kosa langu. Na kisha nikakuachia wewe."

Kuku walipita chini ya meza. Mke wake alichungulia kutoka jikoni, akaona ni nani, akarudi ndani kimya. Mimi niliyezoea kukaa na watu wanaongoja majibu sikuweza kumtazama yeyote kati yao.

"Tangu mama, sijakula vizuri, tangu afe," ndugu yake akasema hatimaye, na sentensi ilitoka imepinda, kama ya mtu asiyejua ianzie wapi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akavuta kigoda cha pili. "Kaa, kaka. Umechoka."

Mwalimu akakaa. Ndugu yake akazisukuma zile bahasha upande wake.

"Nipangie," alisema.

Nilimwona Mwalimu akinyoosha mkono. Nilidhani najua angesema nini. Nilikuwa nimemsikia akitoa mashauri kwa miaka kumi na minne, na sikuwahi kumwona akikosa jibu. Mkono ukafika kwenye bahasha ukatulia.

"Asubuhi ukiamka," aliuliza, "kitu cha kwanza unachoshika ni nini?"

Ndugu yake akafikiri. "Birika. Nachemsha chai kabla mama watoto hajaamka."

"Linakaa wapi?"

Wakainuka wote wawili, polepole, wakaingia jikoni kuangalia.